Kijana wa form four usiku mzima ni Hesabu tu, masomo mengine yanakufa. Muda ugawanywe vipi?

#1 MamaMdogo_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina kijana wa marehemu dada yangu, naishi nae hapa Mbagala, yuko form four shule ya kutwa. Mtihani Novemba na sasa hivi Agosti inaisha. Moku, mtihani wa majaribio, imetoka, wamemwandikia maksi tu kwenye karatasi, nimeikodolea macho toka jana usingizi umegoma. Kiswahili 68, Siviksi 63, Historia 60, Jiografia 57, Kiingereza 49, Baiolojia 41, Kemia 36, Fizikia 24, Hesabu 17. Nimejumlisha pointi zake nikapata 32, maana yake divisheni four. Sasa mtoto tangu aione hiyo 17 ameamua usiku ni Hesabu tu, anafika nyumbani kumi na mbili na nusu kwa foleni ya Kilwa Road, anaoga anakula, saa mbili anakaa na Hesabu mpaka saa tano, Jumamosi tuisheni ya Hesabu, Jumapili akitoka kanisani Hesabu. Kiswahili hajakigusa mwezi mzima, anasema kile kinajiendea. Moyo unaniambia anakosea ila sina hoja ya kumpa, mimi niliishia la saba. Naomba mnisaidie, yale masaa matatu ya usiku apewe mgonjwa au apewe mzima?

#2 FundiKapeto
Mgonjwa ndo anapelekwa hospitali dada yangu, mzima anaenda kufanya nini? Mwache dogo apige msuli. Hesabu kila mwaka ndo inaongoza kuangusha watu, na anayeijua anaheshimika popote.

#3 NondoTupu
Mama mdogo kwanza pumua. Umejumlisha masomo yote tisa, NECTA, baraza la mitihani, wanahesabu saba aliyofanya vizuri zaidi. A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Fizikia na Hesabu zinabaki nje, kwahiyo kijana ana 2+3+3+3+3+4+4, jumla 22. One ni 7 mpaka 17, two 18 mpaka 21, three 22 mpaka 25, four 26 mpaka 33. Huyo ana three, na amebakiza pointi moja tu aingie two.

#4 MamaMdogo_Mbagala
Jamani!! Mungu akubariki kaka, nimemsomea hapa hapa amekaa chini sakafuni. Nilishamwambia juzi kwamba ana four na sikumwambia kwa upole.

#5 MzeeWaKiluvya
Mbona hiyo Baiolojia ya 41 ni C? Sisi tulivyomaliza C ilianzia 41 na D ilianzia 21. Kwa hesabu hiyo mtoto ashaingia two tayari.

#6 TichaChaki
Mzee shikamoo. Hizo zilikuwa enzi zenu, viwango vilibadilika. Sasa A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya 30 ni F. Nondo yuko sahihi, ni 22.

#7 MzeeWaKiluvya
Marahaba mwalimu. Nilisikia pia ni GPA siku hizi.

#8 TichaChaki
Ilipita hiyo mzee. Matokeo ya form four ya 2014 yalitoka kwa GPA, ya 2015 yakarudi kwenye divisheni na ndo mpaka leo.

#9 NondoTupu
Narudi kwenye swali maana #2 anampoteza mama wa watu. Chukueni kalamu. Hesabu iko 17, akikesha mpaka Novemba akaifikisha 30 anapata D, pointi 4. Sasa angalieni somo lake la saba, Kemia, ni D pia, pointi 4 hizo hizo. Ukiitoa Kemia ukaiweka Hesabu jumla inabaki 22 vilevile. Miezi miwili na nusu ya jasho, divisheni haijasogea hata unywele. Ili Hesabu imletee pointi moja lazima ifike 45, yani apande maksi 28.
Sasa hamishia macho huku juu. Siviksi 63 inataka maksi 2 iwe B. Baiolojia inataka 4 iwe C. Historia inataka 5 iwe B. Kiswahili 7 iwe A. Kemia 9 iwe C. Jumla maksi 27, na kila moja ya hizo tano inamletea pointi. 22 toa 5 ni 17. Hiyo ni divisheni ONE jamani. Maksi 27 zinampa one na maksi 28 za Hesabu zinampa two ya 21. Halafu Kiswahili kinachojiendea chenyewe ndo kimoja wapo.

#10 FundiKapeto
Duh. Hapo nimenyamaza mkuu, ila hutanisikia nikikiri mara mbili.

#11 kipepeo_mweusi
Nimesoma #9 mara tatu. Mtu angenionyesha hivi nikiwa form four nisingepoteza muda na Fizikia ambayo hata sikuja kuihitaji.

#12 PCM_wa_Tandika
Nondo hesabu yako haina kosa ila umeipigia mezani. Maksi moja ya kutoka 63 kwenda 64 haina bei moja na ya kutoka 17 kwenda 18. Mtoto wa 17 hajui chochote, akielewa mada mbili tu nzima anaruka. Pepa ya Hesabu ina maswali 14, kumi ya kwanza maksi sita sita, manne ya mwisho kumi kumi, unafanya yote hamna kuchagua. Akishika seti na probabiliti, takwimu na zile za faida na hasara, yani vitu ambavyo hata muuza nyanya wa Rangi Tatu anavifanya kichwani, 30 anaipita. Siviksi kutoka 63 kwenda 65 unaona ndogo, ila ni insha, msahihishaji mwingine anakupa 58. Moku imesahihishwa na mwalimu wake anayemjua mwandiko. Hizo maksi mbili haziko mkononi kama unavyozionyesha.
La pili, pointi sio mwisho wa safari. Mtoto anataka kombi gani, yani masomo matatu ya form five? Akienda HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) anakutana na BAM huko, ambayo ni Hesabu, na kozi kibao za uchumi na biashara chuo wanaangalia Hesabu ya form four. F inamfuata mpaka uzeeni.

#13 TichaChaki
#12 kaongea kitu kikubwa. Mama, kijana anataka kusoma nini? Bila hilo tunagawa muda wa mtu ambaye hatujui anaenda wapi. Form five wanaangalia ufaulu kwenye masomo matatu ya kombi, unaweza ukawa na two nzuri ya masomo yaliyotawanyika na ukakosa kombi.

#14 MamaMdogo_Mbagala
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema alikuwa anataka PCB, yani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa sababu marehemu mama yake alikuwa akimwita dokta. Nikamuuliza wewe mwenyewe je, akanyamaza, halafu akasema Jiografia anaipenda.

#15 BintiManzese
Mama mdogo hapo umenifikisha mbali. Poleni sana na msiba hata kama ni wa zamani.
Mimi nilimaliza 2011. Mnagawana masaa matatu hapo juu mimi nayaona mengi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kusaidia kuchoma vitumbua, saa kumi na moja naviwahisha kibandani, ndo nakimbilia shule, jioni maji, mboga, wadogo wawili. Kaka yangu form four yake alikuwa anakaa mezani na taa anasoma, mimi hata meza sikuwa nayo. Nilichofanya niliandika vitu kwenye vipande vya boksi la sabuni, kila kipande swali mbele jibu nyuma, nikavibana pale jikoni. Kitumbua kikikaa kwenye mafuta una kama dakika moja kabla hujakigeuza, dakika hiyo ni swali moja. Siviksi na Baiolojia nzima nilizisoma hivyo. Hesabu sikuweza, Hesabu inataka ukae chini na karatasi, nikapata F. Kwahiyo ushauri wangu usigawe muda kwa somo, gawa kwa hali ya mwili. Yale masomo ya kukumbuka ayafanye kwenye daladala, wakati kituo hakina gari, wakati anasubiri chakula. Muda wa kukaa mezani ndo apewe Hesabu na Kemia.
Na kama kuna msichana hapo nyumbani anayeosha vyombo wakati kijana anasoma, mwaka wake ukifika naye mpeni meza.

#16 MamaMdogo_Mbagala
Yupo, wa form two. Nimekusikia mwanangu.

#17 kipepeo_mweusi
#15 dada pokea maua yako.

#18 KalamuNyekundu
Mnapigana na muda wakati mimi tatizo naliona kwingine kabisa. Angalieni tena maksi zake. Kiswahili 68, Kiingereza 49. Masomo nane kati ya tisa anayafanya kwa Kiingereza, hata swali la Hesabu likiwa la maneno mengi. Nilifundisha tuisheni Gongo la Mboto miaka mitatu, unamuuliza mtoto kwa Kiswahili "kwanini mmea uliofunikwa kwenye giza unageuka wa njano" anakueleza vizuri kabisa, unampa swali lile lile kwenye pepa anaacha nafasi tupu kwa sababu hajui "etiolated" ni mnyama gani. Huyu ana Baiolojia 41 na naweza kuapa ana Baiolojia ya 55 kichwani. Apewe nusu saa kila siku ya Kiingereza, lakini sio sarufi, achukue pepa za zamani za masomo yote aorodheshe maneno ya maswali, ile lugha ya kuulizia. Outline, distinguish, justify, account for. Akijua kila moja linataka nini masomo nane yanapanda kwa pamoja.

#19 PCM_wa_Tandika
Mbona Fizikia 24 na Historia 60, zote si za Kiingereza? Lugha ingekuwa ndo tatizo Historia ndo ingekuwa chini, ina maneno mengi kuliko Fizikia.

#20 KalamuNyekundu
Historia anakariri sentensi nzima za daftari. Fizikia huwezi kukariri, inabidi uelewe swali. Ndo maana nasema 60 ya Historia na yenyewe siiamini.

#21 TichaChaki
Hapo sikubaliani sana Kalamu. Nafundisha Historia, mtoto anayekariri tu haendi 60, yale maswali ya insha yanamtoa jasho. Ila la maneno ya maswali ni kweli tupu. Ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa NECTA wanaziweka bure kwenye tovuti yao, kila somo lina yake, wanaonyesha hadi picha ya jibu la mwanafunzi aliyekosa na aliyepata, na sababu wanayoitaja mara nyingi ni hiyo, mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini. Mama hizo ni za bure kabisa kuliko hata tuisheni, mwambie kijana ashushe ya Baiolojia na ya Siviksi.

#22 MsomajiWaAlfajiri
Nilete upande mwingine. Sijasikia mtu akiongelea kusahau. Kuna Mjerumani Hermann Ebbinghaus, 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona vitu vinadondoka haraka sana siku za mwanzo kisha kasi inapungua. Kwahiyo huyu anayemaliza mwezi bila kugusa Kiswahili akidhani kinajiendea, hakijiendei, kinavuja. Halafu Roediger na Karpicke 2006 waliwapa wanafunzi habari wasome, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa juu. Baada ya wiki, waliojipima ndo walikuwa juu. Vipande vya boksi vya dada #15 ndo kitu hicho hicho, na yeye hakuambiwa na mtu.
Kwahiyo mimi nasema masomo yote tisa yaguswe kila wiki, hata dakika ishirini, na kuguswa kwenyewe kuwe ni kujiuliza maswali, daftari limefungwa.

#23 FundiKapeto
Hao wazungu walisoma Mbagala umeme umekatika na jirani kafungulia spika?

#24 MsomajiWaAlfajiri
Fundi, kujiuliza hakuhitaji umeme, unaweza ukafanya gizani. Ndo uzuri wake huo.

#25 FundiKapeto
Nimepigwa tena. Uzi huu una watu.

#26 MzeeWaKiluvya
Mimi sina elimu ya mambo hayo ila nililea sita na wote wamemaliza. Usiku wa saa mbili mpaka saa tano mtoto aliyetoka kwenye foleni ya daladala amesimama saa nzima anasoma nini? Anasinzia na kitabu. Alale saa tatu na nusu, aamke saa kumi alfajiri, kumetulia, hamna redio, kichwa kipya. Hesabu za alfajiri na Hesabu za usiku ni vitu viwili tofauti.

#27 BintiManzese
Mzee shikamoo. Kwa anayeweza kulala ni kweli, ila nyumba za kupanga huku watu wanalala saa sita na wanaamka kuanzia saa tisa. Aende Maktaba Kuu pale Bibi Titi Jumamosi, kuna utulivu.

#28 kipepeo_mweusi
Nauli ya Mbagala Posta kwenda na kurudi kila Jumamosi nayo tuihesabu. Na uwahi, karibu na mitihani viti vinajaa watu wa form six na wa vyuo.

#29 DogoKombi
Samahani wakuu naomba kuchomekea, mimi naingia form six PCB, kwetu hamna masomo saba, ni matatu ya kombi tu na BAM na GS (General Studies). Hii hesabu ya #9 inanihusu?

#30 NondoTupu
Inakuhusu kwa njia nyingine dogo. Kwako hamna pa kuficha, matatu yote yanahesabiwa. A inaanzia 80 sio 75, na one ni pointi 3 mpaka 9. Ukiwa na D moja ya pointi 4, mawili yaliyobaki yasizidi 5. Kwahiyo kwenu mgonjwa anapewa muda, kwa huyu wa form four mgonjwa anasubiri. Fungua uzi wako tutakuja.

#31 TichaChaki
Kitu kingine hakijatajwa humu. Praktiko. Baiolojia, Kemia na Fizikia zina pepa ya pili ya maabara, Baiolojia ile ina maksi 50. Mtoto wa 41 anapotafuta maksi nne, mimi namwonyesha pale kwanza. Kupima chakula, iodini ikigeuka bluu nyeusi ni wanga, Benediki ukichemsha ikaja rangi ya tofali ni sukari, Biureti ikija zambarau ni protini. Hii ni ya kukaa siku mbili tatu na mwalimu maabara na kuandika jedwali lake vizuri, jaribio, unachoona, hitimisho. Watoto wanatupa maksi kwa kuandika hitimisho kwenye safu ya unachoona. Kemia nayo titresheni, akiirudia mara tano mkono unazoea. Hii haiingii kwenye yale masaa matatu ya usiku, anaiombea muda shuleni mchana. Kwahiyo ratiba ya nyumbani peke yake haitoshi mama, nenda ukaongee na mwalimu wake wa maabara.

#32 MamaMdogo_Mbagala
Mwalimu shule yao maabara nasikia wanaingia kwa zamu, darasa ni kubwa, anasema moku alisimama nyuma akaona kwa mbali. Nitaenda Jumatatu mwenyewe.

#33 PCM_wa_Tandika
Hilo la kusimama nyuma limeniuma. Yani hiyo 41 ni ya mtu aliyeangalia migongo ya wenzake.

#34 NondoTupu
Na bado anapata 41. Huyo mtoto ana kichwa.

#35 MamaMdogo_Mbagala
Wakuu nimerudi, imepita wiki na siku mbili. Nilimsomea uzi wote akaandika ratiba mwenyewe kwenye karatasi akabandika juu ya kitanda. Alfajiri saa kumi na moja mpaka kumi na mbili ni Hesabu, kakataa kuiacha, nimembembeleza kakataa, anasema mada tatu tu za #12 halafu basi. Usiku masomo mawili kila siku isipokuwa Jumapili, moja la kuandika moja la kujiuliza, Siviksi na Baiolojia zimepewa siku tatu tatu, Kiswahili na Historia mbili mbili, Kemia mbili. Jiografia na Kiingereza ni za kwenye daladala na vipande vya boksi, dada #15 nimemkatia mimi mwenyewe boksi la sabuni. Fizikia hakuiweka popote. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.
Jumapili alifanya pepa nzima ya Siviksi ya masaa matatu, jirani yetu ni mwalimu akamsahihishia bila huruma akapata 61. Hesabu alifanya maswali matatu ya takwimu, mawili yote kapata. Ananiambia mama mdogo ona, Siviksi imeshuka na Hesabu imepanda, sasa yule #9 anasemaje?

#36 NondoTupu
Mwambie 61 kwa msahihishaji asiye na huruma ni nzuri kuliko 63 ya moku. Na mwambie maswali matatu ya mada aliyoichagua mwenyewe sio pepa. Ila asiache, nimesoma #14 nikaelewa kwanini hawezi kuiacha.

#37 PCM_wa_Tandika
Mawili kati ya matatu kwa mtoto aliyekuwa na 17, wiki moja! Nondo kubali tu.

#38 NondoTupu
Sikubali mpaka nione pepa nzima, maswali 14, kakaa masaa matatu.

#39 KalamuNyekundu
Lile swali moja la takwimu alilokosa lilikuwa la maneno au la jedwali?

#40 MamaMdogo_Mbagala
La maneno.

#41 KalamuNyekundu
Nimemaliza.

#42 PCM_wa_Tandika
Hujamaliza, moja sio ushahidi. Mama mdogo, Jumamosi ninapita Rangi Tatu kupeleka mzigo, nina pepa za Hesabu za miaka kumi zimechapwa na majibu yake nimeyaandika kwa mkono hatua kwa hatua. Nikuachie wapi?

#43 MamaMdogo_Mbagala
Pale stendi muulize yeyote mama wa samaki wa kukaanga mwenye mwavuli mwekundu. Uje kabla ya saa nne, na usije umekula.